‘Mmefika wapi?’ Simu ya msiba na ukungu wa mlimani

Jumatatu ya Juni 10, 2024, saa 3:17 asubuhi, ndege ndogo ya Jeshi la Ulinzi la Malawi aina ya Dornier 228 iliruka kutoka Lilongwe kwenda Mzuzu. Ilikuwa safari ya dakika 45 tu. Ndani walikuwamo watu tisa, akiwamo Makamu wa Rais wa nchi hiyo, Saulos Chilima, aliyekuwa na umri wa miaka 51, na Shanil Dzimbiri, aliyewahi kuwa mke wa rais. Chilima alikuwa amerudi jana yake tu kutoka Korea Kusini kikazi. Asubuhi hiyo hakuwa anakwenda mkutanoni wala kwenye kampeni. Alikuwa anakwenda kuzika.

Marehemu alikuwa Ralph Kasambara, aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Malawi, na maziko yalipangwa siku hiyo hiyo Nkhata Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Watu walikuwa wamekusanyika. Ndege ilipokaribia Mzuzu, uwanja haukuonekana kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Kwa mujibu wa taarifa aliyoitoa Rais Lazarus Chakwera usiku wa siku hiyo, waongoza ndege waliwashauri marubani wageuze warudi Lilongwe. Dakika chache baadaye mawasiliano yakakatika.

Askari na waokoaji walitafuta usiku kucha ndani ya msitu wa Chikangawa, kwenye milima ya Viphya. Mabaki ya ndege yalionekana kesho yake. Hakuna aliyepona.

Habari hiyo ilivuka mpaka upesi. Mkoa wa Songwe unapakana na Malawi kwa upande wa Ileje, na kuna ndugu pande zote mbili. (Mito ya Songwe yenyewe iko miwili, jambo linalowachanganya hata wenyeji: mmoja ni mpaka na Malawi na humwaga maji Ziwa Nyasa, mwingine unashuka bondeni upande wa Galula kuelekea Ziwa Rukwa.) Kufika jioni ya Jumanne, picha za mabaki zilikuwa zimezagaa kwenye simu, na kwenye simu hizo watoto huchezea michezo yao.

Chukua nyumba moja pale Galula. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tukuyu, amekuja bondeni kikazi akabaki. Mama ana genge la mbogamboga na mchele. Mtoto wao wa kiume ana miaka tisa. Ameona picha, amesikia redio, na amewasikia wakubwa wakibishana kwenye kijiwe cha bodaboda kama ndege ile ilihujumiwa. Usiku, wakati wa kula, anauliza swali moja tu.

“Baba, kama waliambiwa warudi, mbona hawakurudi?”

Baba anajibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, ale alale. Kosa lake si kutolijua jibu, maana hata wachunguzi walihitaji miezi. Kosa ni kumwacha mtoto aende nalo kitandani, alijaze mwenyewe kwa maneno aliyoyasikia kijiweni.

Na jibu lipo, angalau nusu yake, tena linafaa kwa mtoto wa miaka tisa. Hewa yenye unyevunyevu ikisukumwa na upepo kupanda mlima, hupoa. Ikipoa, unyevu wake hugeuka wingu. Kwa hiyo wingu hujenga nyumba yake palepale mlima ulipo, likaufunika kama blanketi. Kusini mwa Malawi baridi ya msimu huo yenye manyunyu ina jina lake kabisa, chiperoni. Watu wa Rungwe na Mbeya hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mlima wanaoujua tangu utotoni huamka asubuhi ya Juni haupo, hadi saa nne au tano ndipo unapotokea tena.

Kwa rubani wa ndege ndogo hatari iko hapo. Mawingu ya juu baharini huwa na hewa tu ndani yake. Ya milimani yanaweza kuwa na jiwe.

Jambo la pili linaweza kuonyeshwa uani. Mtoto afumbe macho, azungushwe polepole mara kadhaa, kisha asimamishwe ghafla. Atasema bado anazunguka, na huenda akaanguka upande ambao hakuna aliyemsukuma. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayouambia mwili uko wima au umeinama, na macho yakikosa cha kushika, majimaji yale hudanganya. Ndani ya ukungu rubani anaweza kuwa na hakika kabisa kwamba anakwenda sawa huku ndege imeshalala ubavu na inashuka. Asipoviamini vyombo vilivyo mbele yake kuliko mwili wake, amekwisha.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwapima marubani 20 waliokuwa hawajafundishwa kuruka kwa vyombo pekee. Waliwekwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu, muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Takwimu hiyo hupenda kutajwa, ila sehemu ya pili ya utafiti husahaulika, nayo ndiyo ya kuwasomea watoto: watu walewale walipofundishwa njia rahisi ya kugeuza ndege taratibu na kurudi walikotoka, karibu kila jaribio lilifanikiwa. Walikuwa wanafundishwa kurudi. Kumbe kurudi nako kuna somo lake na mazoezi yake.

Afrika Mashariki ina orodha yake. Mei 18, 1955 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, wakafa watu wote 20. Septemba 1, 1999 ndege iliyobeba watalii iligonga Mlima Meru, wakafa 12. Novemba 15, 2017 ndege nyingine ndogo iliyokuwa ikienda Serengeti iligonga ukingo wa kreta ya Empakaai, Ngorongoro, wakafa 11. Juni 5, 2018 iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotelea kwenye milima ya Aberdare, na mabaki yakapatikana siku mbili baadaye, watu 10. Oktoba 28, 2025, kwenye vilima vya Kwale, dakika chache baada ya kuruka kutoka Diani, watu 11. Aprili 10, 2006, Marsabit, ndege ya jeshi la Kenya iligonga mlima wakati wa ukungu na kuua watu 14, wakiwamo wabunge waliokuwa wanakwenda kupatanisha jamii zilizokuwa zikigombana. Hao nao walikuwa wanasubiriwa.

Kusubiriwa. Wasafiri wengi walioingia kwenye ukungu hawakuwa wajinga wala walevi. Kuna mtu upande wa pili alikuwa anawangoja.

Kwa Malawi, tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Desemba 2024 haikuona ushahidi wa hujuma. Ilitaja hali ya hewa na mambo ya kibinadamu. Kabla yake, wachunguzi wa Ujerumani, nchi ilikotengenezwa ndege hiyo, walieleza kwamba haikuwa na kisanduku cheusi, na kwamba betri ya kifaa chake cha kutoa ishara ya dharura ilikuwa imepitwa na muda tangu 2004. Miaka 20. Kila anayemiliki gari lenye tairi la akiba lisilo na upepo anajua jambo la namna hiyo hutokeaje: kila siku gari linafika, basi kila siku linasahaulika. Na wanajeshi wale walioirusha ndege walikuwa na familia zao, ambazo nazo zilisikia maneno ya vijiweni. Mzazi anapojibu swali la “mbona hawakurudi”, haifai kumwachia mtoto picha ya mtu mmoja mkaidi aliyeua wenzake. Walikuwa kazini, walikuwa na kiongozi wa nchi mgongoni, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Ikafuata sehemu ya pili ya huzuni hiyo, ambayo wengi huku hawakuisikia. Wiki ile, msafara uliobeba mwili wa Chilima ukielekea kwao Ntcheu ulipitia katikati ya umati wa watu waliotaka kumuaga, na gari moja la msafara likagonga waombolezaji. Wanne wakafa. Watu tisa walikwenda kuzika hawakufika. Waliotoka kuwaaga, wengine nao wakazikwa.

Turudi Galula. Siku kadhaa baada ya hayo, saa mbili usiku, simu ya baba inaita. Ni kaka yake mkubwa, yuko Tukuyu.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Shangazi ametutoka.”

Shangazi huyu ndiye aliyemlea mwalimu tangu mama yake alipofariki, akamlipia ada kwa ndizi na chai. Maziko ni kesho saa saba mchana, kwa sababu padri ana misa nyingine jioni. Kutoka Galula mtu apande hadi Mbalizi, apite Mbeya mjini, Uyole, ndipo aikamate barabara ya Tukuyu. Mwalimu anatafuta Noah ya kukodi usiku huohuo. Mama anafunga nguo, kitenge na chakula cha njiani. Wanakubaliana kuondoka saa kumi alfajiri.

Mtoto anaambiwa asubuhi kizani, wakati anavishwa sweta. “Bibi yako wa Tukuyu amesafiri,” anasema mama, kwa upole kabisa.

“Kasafiri kwenda wapi?”

“Safari ndefu, mwanangu.”

Maneno haya yako kila nyumba. Kiswahili kina adabu ya kukizunguka kifo: ametutoka, ametutangulia, amelala, amesafiri. Kwa mtu mzima ni heshima. Mtoto wa chini ya miaka kumi huyachukua yalivyo. Akiambiwa bibi amelala, ataogopa kulala au atamwamsha mama usiku kuona kama anapumua. Na mtoto aliyekaa wiki nzima na picha za ndege iliyoanguka, akiambiwa kifo ni safari siku ambayo familia nzima inapanda gari, amepewa mzigo. Neno “amefariki” linamtosha. Bibi amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hataamka, tunakwenda kumzika na kuwa pamoja na baba mkubwa. Aulize anachotaka. Alie akitaka. Huyu wa Galula hakulia. Aliingia kwenye gari, akakaa nyuma ya dereva, akanyamaza kuanzia Galula mpaka Mbalizi.

Simu zilianza walipofika Iwambi.

“Mmefika wapi?”

“Tunaingia Mbeya, kaka.”

Baada ya nusu saa, tena. “Mmefika wapi?” Safari hii ni binamu. Kisha shemeji. Kisha kaka tena: “Mdogo wangu, tunawasubiri nyie tu. Wewe ndiye mtoto wake. Utaweka udongo wa kwanza.”

Hakuna mwenye nia mbaya katika simu hizo. Anayepiga anataka kujua aweke chungu cha pili jikoni au la, padri anamtazama, wazee wanaulizana. Lakini kila simu inapita kwenye sikio la baba na kutua kwenye mguu wa dereva. Mwalimu hakusema “endesha haraka”. Alisema tu, “Dereva, watu wanatungoja,” na Noah ikaongeza mwendo. Labda hata waongoza ndege wa viwanja vikubwa hawana sauti yenye nguvu kama ya kaka mkubwa aliye msibani.

Kuanzia Igawilo barabara inapanda kuelekea Isyonje. Pale ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama maziwa. Lori lililotangulia lilionekana kwa taa zake nyekundu, kisha hata hizo zikapotea. Dereva akapunguza mwendo.

“Mwalimu, huko juu hakuonekani.”

“Twende taratibu hivyohivyo.”

“Taratibu sawa. Ila anayetoka Tukuyu na lori la ndizi yeye haendi taratibu.”

Mwalimu akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Simu ikaanza kuita tena mkononi mwake. Ndipo kutoka nyuma ikatoka sauti ambayo haikuwa imesikika tangu alfajiri.

“Baba, si turudi?”

Wazazi wengi wangemnyamazisha. Mtoto haingilii maongezi ya wakubwa, hasa safarini, hasa safari ya msiba. Adabu hiyo ina mahali pake. Ila gari ni mahali ambapo mtoto ana haki sawa na mwenye kulipa nauli, na mara nyingi ndiye pekee asiye na wa kumwaibisha akichelewa. Mama, aliyekuwa amebeba kapu mapajani, akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mtoto anaogopa. Na mimi naogopa.”

Dereva hakusubiri kuambiwa. Alitafuta sehemu pana, akageuza.

Waliobahatika kupanda ndege kwenda Songwe wanakijua kitendo hicho kwa namna yao. Uwanja ule ulianza kutumika mwishoni mwa 2012, uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,300, na milima iliyo jirani inapita mita 2,600. Si mara moja ndege imefika juu ya Mbeya, ikazunguka, ikashindwa kutua kwa ukungu na kurudi Dar es Salaam na abiria wake wote. Abiria hushuka wakinuna. Mmoja ana kikao, mwingine ana mgonjwa, na wa tatu ana maziko. Maneno wanayomtupia rubani mlangoni hayafai kuandikwa kwenye ukurasa wa familia. Watoto wao wanasikia, na wanachokielewa ni kwamba kurudi ni kushindwa.

Walikaa kwenye mgahawa Igawilo. Chai ya rangi, chapati, mtoto akapewa yai la kuchemsha. Mwalimu akasimama nje na kupiga simu ambayo alikuwa ameikimbia asubuhi nzima.

“Kaka, tumerudi Igawilo. Isyonje hakupitiki, ukungu.”

“Ukungu? Watu wamepita hapo tangu asubuhi!”

“Najua, kaka. Nina watoto wa watu kwenye gari.”

“Kwa hiyo nimwambie nini padri? Niwaambie nini wazee, kwamba mwanawe ameogopa ukungu?”

“Waambie nimechelewa. Zikeni. Mimi nitakuja kwenye kaburi.”

Kimya kikawa kirefu. Kisha kaka akakata simu bila kuaga.

Hakuna mbinu ya kuifanya simu ya namna hiyo iwe nyepesi. Inachowezekana ni kuipiga mapema, kabla ya safari: kumwambia anayesubiri kwamba tutaondoka saa kumi, ila tukikuta ukungu tutasimama, msitufungie saa. Aliyeambiwa hivyo usiku hataona ameonewa asubuhi. Na aliye msibani anaweza kuteua mtu mmoja wa kupiga simu, si kumi, naye asiulize “mmefika wapi”. Aulize “huko hali ikoje?” Swali la kwanza lina jibu moja tu linalofurahisha. La pili linamruhusu mtu aseme ukweli.

Mama alikaa na mtoto kwenye benchi la nje. Alimwambia alichopaswa kumwambia alfajiri, kwamba bibi amefariki, na kwamba safari ya leo ni safari ya kawaida, ina kwenda na ina kurudi. Mtoto akauliza kama bibi alikuwa kwenye ndege. Hapana, alikuwa mzee, aliugua, alikufa kitandani kwake. Akauliza kama dereva wao ana watoto. Mama hakujua, ikabidi amuulize mwenyewe. Anao wawili, akasema dereva, mdogo ndiyo kwanza anaota meno.

Saa tano na robo mlima ulianza kutokea, kwanza miti ya juu, kisha mashamba ya viazi. Wakaondoka. Lori la ndizi walilikuta kweli, limelala mtaroni, dereva wake amekaa juu ya magurudumu akizungumza na simu, mzima.

Walifika Tukuyu saa saba na dakika arobaini. Udongo ulikuwa umeshawekwa na wanawake walikuwa wanapanga maua. Wazee walimpa mwalimu pole na hawakusema zaidi. Kaka yake alimpa mkono bila kumtazama, na ilipita miezi miwili kabla hajapiga simu Galula kusalimia. Mwalimu alichuchumaa penye kaburi, akachukua udongo kidogo kwa mkono, akauweka. Mtoto akamwiga, akajipangusa mikono kwenye sweta, akamwuliza baba kama sasa wanaweza kwenda kumsalimia baba mkubwa.